SOMO: Mali halisi za uendeshaji za kampuni. Soma lote kabla ya kuuliza

Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Swali la "NOA (net operating assets, yaani mali halisi za uendeshaji) inapatikanaje" limenichosha. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nampa uzi huu.

NOA ni mtaji uliozama kwenye biashara yenyewe, awe ameutoa benki au mwenye hisa. Mfano ni wa kubuni: kinu cha kukoboa mpunga Igurusi, hesabu zimefungwa Juni 30, tarakimu ni milioni za shilingi.

1. Shika mizania (orodha ya mali, madeni na mtaji). Siyo taarifa ya mapato.

2. Jumla ya mali, toa fedha taslimu na amana za muda maalumu: 900 − 60 − 40 = 800.

3. Tafuta madeni ya uendeshaji. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anachukua madeni yote, 450, anayatoa kwenye 800, anapata 350, halafu anakuja kubishana. Mkopo ni chanzo cha mtaji, hautolewi hapa. Yanayotolewa ni madeni yaliyozaliwa na biashara: wakulima wanaodai hela ya mpunga 120, wateja waliotanguliza malipo 30, kodi ambayo haijalipwa 20. Jumla 170.
ANGALIA: ovadrafti ya 80 hujificha kwenye madeni ya muda mfupi, katikati ya wadai wa kawaida. Ni mkopo. Sehemu ya mkopo mrefu inayoiva ndani ya mwaka, hivyo hivyo. Na tangu 2019, kwa wanaofuata IFRS 16 (kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa pango), pango la ghala la miaka mitano linaingia kwenye mizania kama deni lenye riba ndani yake. Nalo lihesabu mkopo. Usiamini kichwa cha kundi, fungua maelezo ya hesabu yaliyo nyuma.

4. 800 − 170 = 630. Ndiyo NOA.

5. Hakiki kwa upande wa pili: mikopo 280 + mtaji wa wenye hisa 450 − pesa 100 = 630. Isipolingana, rudi hatua ya 3.

Kuisoma sasa. Tuseme mwaka jana ilikuwa 500, na faida ya uendeshaji mwaka huu ni 120. Kata kodi ya asilimia 30, inabaki 84. Gawa kwa wastani wa NOA, 565: asilimia 14.9. Ukitaka kulinganisha na mkopo wa asilimia 18, nao ukate kodi kwanza, unakuwa 12.6. Kinu kinaulipa mkopo wake, sawa. Lakini NOA imeongezeka 130, na 84 − 130 = −46. Faida ipo, pesa haipo. Hiyo 46 imetoka kwenye akiba, kwa mkopeshaji au kwa wenye hisa. NOA ikikimbia kuliko mauzo, uliza kama mpunga unalala ghalani au wadaiwa hawalipi. Watafiti Hirshleifer na wenzake mwaka 2004 walionyesha kwa hisa za Marekani kwamba kampuni zenye NOA nene kulinganisha na mali zake za mwaka uliotangulia, hisa zake zilifanya vibaya baadaye. Usiyabebe mazima mazima kuyaleta soko la Dar.

MASWALI

Mzee_wa_Hisa: Mkuu nipigie basi ya CRDB na NMB.
— Benki hapana. Pesa ndiyo bidhaa yake. Amana za wateja utaziita mkopo au uendeshaji?

Mzee_wa_Hisa: Kwa hiyo fomula ina kasoro?
— Haina. Umeipeleka kusikokuwa kwake.

Usangu1: Kwangu imetoka 350.
— Hatua ya 3. Kwa herufi kubwa kabisa nimeandika ANGALIA.

Mama_Uyole: Kaka, mume wangu aliikopesha kampuni yetu milioni 40 bila riba. Naiweka wapi?
— Dada, hilo ndilo swali. Weka kwenye mikopo. Riba ni alama tu ya kukusaidia kutambua. Cha msingi ni deni lilizaliwa na nini. Ukiliweka kwenye uendeshaji, NOA itapungua 40 na kila shilingi itaonekana inazalisha kuliko ukweli.

Mwanjelwa_Boy: Ningefunga hesabu Desemba?
— Ungepata namba ndogo. Juni ghala limejaa mpunga mpya, Desemba mwingi umeshauzwa. Usilinganishe vinu viwili vyenye tarehe tofauti. Ukiwa na hesabu za kila mwezi, tumia wastani wa miezi 12.

Mafinga_Mbao: Kampuni yetu ina misonobari shambani. Kila mwaka thamani inapanda na hatujakata mti. NOA nayo inapanda?
— Inapanda. IAS 41, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa kilimo, inataka miti ya mbao ipimwe kwa bei ya soko ukitoa gharama za kuuza, na ongezeko linapita kwenye faida. Shilingi haijaingia. Mimi hupiga mara mbili: pamoja na ongezeko hilo, halafu bila, na nikilitoa nalitoa kwenye faida na kwenye NOA pia, siyo upande mmoja.

Mama_Uyole: Na chai ya Tukuyu?
— Mche wa chai tangu 2016 unahesabiwa kama mtambo: gharama, kisha uchakavu. Jani lililo juu yake bado ni IAS 41.