Kuwasilisha utafiti wa kambi za likizo: anza na walezi, wanazuoni wafuate

Juzi nilikaa kibarazani hapa Nyegezi, Mwanza, na mdogo wangu mmoja anayesoma shahada ya uzamili, tangu saa kumi jioni hadi giza likaingia. Amefanya utafiti kuhusu kambi za likizo za watoto kandokando ya Ziwa Victoria, na amepata nafasi mbili za kuuwasilisha: mbele ya walezi wa kambi, kisha kwenye semina ya chuo. Alikuja na slaidi 34, zilezile kwa pande zote mbili. Nilimwomba azifunge, tukaanza upya na karatasi tupu. Ninaandika tuliyoyafanya jioni ile kwa sababu mimi mwenyewe nililipia somo hili kwa machozi, na sioni sababu ya mwingine kulilipia tena.

Kabla ya hatua yoyote, weka sawa neno lenyewe. Maandishi mengi utakayoyasoma yanahusu kambi za kiangazi za Marekani. Kule mambo haya yana umri: mwaka 1861 mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut aliwatoa wanafunzi wake shuleni, akawatembeza hadi ufukweni na kupiga kambi nao wiki mbili. Watoto wao wana likizo ndefu ya kiangazi, na wapo wanaolala kambini wiki nyingi mfululizo. Kambi yetu ni ya Juni au Desemba, siku tano hadi saba, magodoro chini katika madarasa ya shule iliyofungwa, na ikiwa ni Desemba mvua inanyesha nusu ya ratiba. Ukimwambia mlezi wa Igoma kwamba "utafiti unaonyesha kambi huleta hiki na kile" bila kumwambia utafiti huo ulifanyika wapi na watoto walikaa siku ngapi, umemkosea.

Hatua ya 1: Walezi kwanza

Panga tarehe ya walezi itangulie semina, angalau kwa wiki mbili. Wengi hufanya kinyume, wanazuoni kwanza, halafu walezi wanaletewa "mrejesho" ulioiva. Mimi nataka walezi waikute kazi ikiwa bado mbichi, wakati bado unaweza kubadilisha tafsiri yako. Wao walikuwepo usiku mtoto alipolia akitaka nyumbani. Wewe ulikuwepo na dodoso.

Epuka Juni na Desemba, wako kazini. Kama umewaalika walezi wa kisiwa cha Ukerewe, panga saa zako kwa kufuata ratiba ya meli ya Nansio, maana mtu anayeogopa kuachwa na meli hasikilizi.

Hatua ya 2: Ridhaa na picha

Vibali vya utafiti nadhani unavyo, la sivyo usingefika hapa. Ila ridhaa ya kushiriki utafiti si ridhaa ya kuonyeshwa ukutani. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa picha na majina uliyokusanya. Rudi kwa mzazi, mwombe upya, na mtoto naye aulizwe. Mimi situmii sura za watoto kabisa. Napiga picha ya viatu vilivyopangwa mlangoni, sufuria, mitumbwi, mgongo wa mtoto aliyeshika kamba.

Na usitaje jina la kambi iliyofanya vibaya. Mwanza ni mji mdogo kuliko unavyofikiri: ukisema "kambi moja karibu na Bwiru yenye bweni la ghorofa", ukumbi mzima umeshajua.

Hatua ya 3: Jambo moja kwa kila upande

Andika sentensi mbili. Ya kwanza: mlezi afanye nini tofauti Desemba ijayo? Ya pili: mwanazuoni abishane nami juu ya nini? Zikifanana, bado hujamaliza kufikiri. Mdogo wangu alichukua saa nzima hapa, nami sikumharakisha.

Hatua ya 4: Alama zilizoshuka

Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Katika utafiti wangu wa kwanza niliwauliza watoto siku ya kufika kambini: "Unajua kuogelea kiasi gani?" Wakajipa alama kuanzia 1 hadi 5. Siku ya mwisho, baada ya siku tano za mafunzo majini, nikauliza swali lilelile. Wastani ukashuka. Nilikesha nikikagua kama niliingiza takwimu kinyume. Sikukosea, zilishuka kweli. Basi nikachora grafu ya nguzo mbili, ndefu na fupi, nikazipeleka mbele ya walezi.

Ukumbi ulinyamaza. Kisha mama mmoja aliyelea watoto wa kambi kwa miaka mingi akasimama: "Mwalimu, unatuambia tumewaharibu watoto wa watu?" Nikaanza kueleza makosa ya vipimo na ukubwa wa sampuli. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kufunga. Mwenzake wa nyuma, mzee aliyekuwa anawafundisha watoto kuelea, ndiye aliyeniokoa. Alisema, "Mwanangu, watoto hawa wa Kayenze walipofika walisema wanajua kuogelea. Kwao kuogelea ni kucheza majini mpaka kiunoni. Nilipowapeleka kwenye kina na kuwaambia waelee chali, ndipo walipojua kwamba hawajui."

Ndivyo ilivyokuwa. Kipimo chenyewe kilikuwa kimebadilika kichwani mwa mtoto. Watafiti wa mafunzo wanalijua tatizo hili tangu miaka ya 1970 na 1980: mtu hujipima kwa rula moja kabla ya somo na kwa rula nyingine baada yake, kwa sababu somo limemfundisha ukubwa wa jambo. Mimi nilikuwa nimelisoma darasani bila kulitambua lilipokaa mbele yangu. Na hapa ziwani alama ile kushuka ni habari njema, kwa kuwa kujiamini majini kupita uwezo wako ni hatari.

Sasa, ufanye nini?

Ukiwa bado hujakusanya data, ongeza swali la kutazama nyuma. Siku ya mwisho muulize mtoto mambo mawili kwa pamoja: "Ukikumbuka siku uliyofika, ulikuwa unajua kuogelea kiasi gani? Na leo?" Hapo anatumia rula moja kwa vyote viwili. Jumuiya ya Kambi ya Marekani, iliyoanzishwa 1910, ina madodoso yake ya kupima mafanikio ya watoto, na mojawapo linamwuliza mtoto alipo sasa na pia kiasi alichobadilika. Si mbinu ya kubuni kibarazani.

Lakini mbinu hii ina mitego yake. Mtoto anayeangalia nyuma anaweza kukupa jibu la kukupendeza, hasa kama anayeuliza ni mwalimu wake wa kuogelea. Tafuta mtu mwingine wa kuuliza. Usiulize usiku wa kuagana, baada ya nyimbo na machozi, kwa kuwa usiku ule kila kitu kambini kilikuwa kizuri. Uliza asubuhi yake, baada ya uji. Watoto wadogo wa darasa la pili au la tatu wanachanganya "siku niliyofika" na "jana". Kwao achana na swali hili, tumia kipimo cha kuonekana: ameelea chali dakika nzima bila kushikwa, ndiyo au hapana. Na kama una alama za mwanzo zilizokusanywa kwa njia ya zamani, usizifiche. Weka zote mbili, uandike wazi ipi ni ipi. Nimeona mtu akizifuta zile zilizoshuka "ili kusiwe na mkanganyiko". Kufuta vile ni udanganyifu, jina lingine halina.

Ukiwa umeshakusanya na huwezi kurudi, fanya kama nilivyomfanyisha mdogo wangu. Usionyeshe nguzo kwanza. Anza na swali kwa ukumbi: "Mtoto akifika anasema anajua kuogelea, anamaanisha nini?" Wape dakika kumi, waache waongee. Watakutajia wenyewe: kucheza ufukweni, kushika mtumbwi, kupiga miguu karibu na mawe. Kisha uliza, "Na siku ya mwisho akisema anajua?" Andika orodha mbili ubavu kwa ubavu. Baada ya hapo ndipo uonyeshe alama. Hakuna atakayenyamaza, kwa kuwa maelezo wameshayatoa wao. Na yanakili majibu yao, kwani mbele ya wanazuoni hiyo ni data yako ya pili, na mara nyingi ina nguvu kuliko ya kwanza.

Jambo hilihili hutokea kwenye neno "kujiamini". Wewe unapima mtoto kuamini kwamba anaweza kutimiza jambo fulani. Mlezi wa makamo akisikia kwamba mtoto "anajiamini zaidi", anaweza kuwaza mtoto anayewajibu wakubwa. Niliwahi kuulizwa na baba mmoja kama kambi inafundisha jeuri. Siku hizi silitumii neno hilo peke yake. Nasema: "anathubutu kujaribu tena akishindwa", au "anaweza kuomba msaada bila aibu". Chagua tendo, na mlezi atakuambia papo hapo kama aliliona au hakuliona.

Hatua ya 5: Vifaa

Kwa walezi, bango kitita na makapeni mbili. Projekta mimi siitaki: umeme ukikatika umekwisha, na hata usipokatika watu wanatazama ukuta badala ya kutazamana. Kwa idadi, tumia vizibo vya soda. Ukitaka kuonyesha watoto sita kati ya kumi, mwaga vizibo kumi mezani, geuza sita. Asilimia waachie wanazuoni.

Hatua ya 6: Siku yenyewe ya walezi

Salimia vizuri, waliokuzidi umri wape shikamoo yao, usikimbilie mada. Wewe zungumza dakika ishirini, wao wapate saa moja. Nauli irudishwe kabla ya chai, watu wasikae wakihesabu.

Jiandae kuulizwa usichokitafiti. Hapa ziwani lazima kichocho kitajwe. Eleza lililo wazi: vimelea hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliye majini, maji yaliyotulia ya ufukweni yenye majani ndiyo ya kuepukwa zaidi, na dawa yake ipo, prazikwanteli, inayotolewa na wahudumu wa afya. Zaidi ya hapo waelekeze kwa mganga wa zahanati, au mwalike akae nawe siku hiyo. Usijibu kitaalamu jambo lisilo taaluma yako kwa sababu tu umeshika makapeni.

Hatua ya 7: Igeuze kwa wanazuoni

Hapa slaidi zinaruhusiwa, nane zinatosha kwa dakika kumi na tano. Watakubana sehemu mbili.

Kwanza, nani alikuja kambini? Huenda ni watoto wa wazazi wenye ada, au waliochaguliwa na mwalimu kwa sababu ni watulivu. Sema mwenyewe kabla hujaulizwa. Pili, ulilinganisha na nani? Mfano ninaoupenda ni utafiti wa Yalda Uhls na wenzake wa California uliochapishwa 2014. Watoto 51 walikaa siku tano kambini bila simu wala televisheni, na 54 wa shule hiyohiyo waliendelea na maisha yao ya kawaida wakingoja zamu yao. Waliokaa kambini waliboreka zaidi katika kusoma hisia kwenye nyuso za watu. Angalia uzuri wa mpango huo: waliosubiri hawakunyimwa kambi, walitangulizwa wenzao tu. Hata kambi yetu ya siku tano inaweza kufanya hivyo kama ina mikupuo miwili. Kama hukuwa na kundi la kulinganisha, liseme hilo kwenye slaidi ya tatu, usilifiche ya saba.

Kama kuna mjadala wa maadili, watataja jaribio la Robbers Cave la 1954 kule Oklahoma, ambako Muzafer Sherif na wenzake waliwagawa wavulana 22 makundi mawili yaliyofikia kugombana vikali. Wavulana hawakujua kwamba wanatafitiwa. Useme wewe ulifanyaje tofauti: nani alimweleza mtoto, kwa lugha gani, na aliyekataa alibaki vipi na wenzake michezoni.

Kisha weka orodha mbili za walezi kwenye slaidi, maneno yao yalivyo, bila kuyasafisha. Tafsiri iliyopatikana kwa mlezi itajwe kwamba ni ya mlezi. Kama amekubali jina lake litajwe, litaje. Kama hakukubali, sema "mlezi mwenye uzoefu", na mwambie baadaye kwamba ulimtaja.

Hatua ya 8: Karatasi moja ibaki kambini

Ukurasa mmoja, Kiswahili, herufi kubwa, mambo matatu ya kufanya. Uweke ndani ya plastiki uubandike jikoni, kwa sababu jikoni kila mlezi anapita. Wa mdogo wangu jambo la kwanza linasema: "Siku ya kwanza usimwulize mtoto kama anajua kuogelea. Mpeleke maji ya kiunoni, ukiwa naye, umwone." Tumeuchapa nakala thelathini, na Jumamosi anavuka kwa kivuko cha Kamanga kupeleka za Sengerema.