Ratiba ya kombe la mtaani: timu zikiwa 11 unazipangaje?

Juzi kijana wa jirani alinijia kibarazani na daftari lililofutwafutwa hadi karatasi imetoboka. Timu 11 zimelipa ada, mbuzi wa bingwa ameshaahidiwa, ratiba haipangiki. "Kaka, kila nikizigawa inabaki moja." Nikacheka, maana mimi mwenyewe lilinikuta hilo, na mwisho wake haukuwa mzuri. Nimeandika hapa tulivyofanya.

Hatua ya 1: Jua unachoandaa kinaitwaje

Tangazo lake lilisomeka "Ligi ya Mbuzi". Nikamuuliza, ligi kweli? Kwenye ligi kila timu inakutana na kila timu, na bingwa anapatikana kwa pointi. Timu 11 zikikutana mara moja tu, hizo ni mechi 55. Mbuzi atazeeka. Alichokuwa anataka ni mtoano: ukifungwa, unakusanya jezi unarudi nyumbani. Mtoano wa timu 11 una mechi 10 tu, kwa sababu kila mechi inatoa timu moja na zinatakiwa zitoke 10.

Mashindano au michuano ni jina la jumla, linabeba yote hayo. Bonanza ni la siku moja, mechi fupifupi. Na kombe kwa kawaida watu wanalielewa kama mtoano, ingawa hata Kombe la Dunia huanzia kwenye makundi: mwaka 2022 timu zilikuwa 32, mechi 64, na 48 kati ya hizo zilikuwa za makundi. Kwa hiyo neno peke yake halitoshi. Andika kwenye tangazo: "mtoano" au "makundi, kisha mtoano".

Hatua ya 2: Funga usajili

Weka tarehe, na ikifika funga kweli. Chukua ada na majina ya wachezaji siku hiyohiyo, la sivyo mamluki utawaona kwenye nusu fainali.

Hatua ya 3: Timu zinazopita bila kucheza

Hapa ndipo nilipokosea mimi.

Mtoano unakaa sawa timu zikiwa 4, 8, 16 au 32. Nje ya hapo lazima wengine wavuke raundi bila kucheza, na swali ni wavuke lini. Mimi nilikuwa na 11 pia. Nikapanga mechi 5, moja ikapita. Zikabaki 6, mechi 3. Zikabaki 3! Nikachezesha mbili, ya tatu ikaingia fainali imekaa kivulini inakula miwa. Yule aliyeshinda nusu fainali kwa matuta ya penalti, miguu imekufa, akafungwa 4 na watu waliopumzika wiki nzima. Maneno niliyoambiwa siku ile siyaandiki.

Dawa yake: wote wanaopita bila kucheza wapite raundi ya kwanza, baada ya hapo asipite mtu tena. Tafuta namba ya juu iliyo karibu kati ya 4, 8, 16 na 32, toa idadi ya timu zako. Kwa 11: 16 toa 11, zinabaki 5. Timu 5 zinapita, 6 zinacheza mechi 3, washindi 3 wanaungana na zile 5, una timu 8. Robo fainali, nusu, fainali. Basi.

Lakini angalia mambo haya:

Mshindi wa raundi ya kwanza asipangwe siku inayofuata na timu iliyopumzika. Mpe angalau siku mbili.

Anayepita apatikane kwa kura mbele za watu. Wengine humpa bingwa mtetezi nafasi hiyo, sawa, mradi iwe imeandikwa kabla. Timu ya mwandaaji ikipita bila kura, hata kama ni bahati, hakuna atakayeamini.

Timu ikijitoa baada ya droo, usipange upya. Mpinzani wake anapita kwa ushindi wa mezani, ratiba inabaki ilivyo. Nimeona mtu akirudia droo kwa ajili ya timu moja, zikajitoa nyingine tatu.

Zikiwa 9, hesabu inakupa timu 7 za kupita na mechi moja tu ya kwanza, kitu cha ajabu. Hapo gawa makundi matatu ya timu tatutatu, au tafuta timu za kuongeza.

Zipo programu za simu zinazopanga haya. Sizipendi. Chora kwenye kauntabuku kwa kalamu, piga picha, tuma kwenye grupu la manahodha. Kalamu haibadilishwi usiku.

Hatua ya 4: Droo

Vikaratasi kwenye kofia, mtoto mdogo achague. Manahodha wasaini.

Hatua ya 5: Ukichagua makundi

Andika mapema timu zikilingana pointi mnaangalia nini. Kombe la Dunia 2022 lilianza na tofauti ya mabao. AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, huanza na matokeo ya waliolingana walipokutana. AFCON 2015 Guinea na Mali zililingana kila kitu, sare tatu za 1-1 kila mmoja, ikabidi ipigwe kura, Guinea ikapita. Pia mechi za mwisho za kundi zichezwe kwa wakati mmoja, wasije wakapangiana matokeo kama Ujerumani Magharibi na Austria kwenye Kombe la Dunia 1982, Algeria ikatolewa. Sisi uwanja ni mmoja, ndiyo maana mtaani nashauri mtoano.

Hatua ya 6: Mbuzi

Anunuliwe kabla ya nusu fainali, afungwe pembeni ya uwanja watu wamwone. Na awepo wa kumlisha.