Viatu vya Safari kwa Mwanamke Anayetembea Kutwa: Namna ya Kupata Vinavyostarehesha na Kupendeza

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Istanbul kufunga mzigo hushuka kwenye ndege baada ya takribani saa saba za kukaa, na asubuhi inayofuata huwa yuko mtaa wa Laleli, akipanda na kushuka ngazi za maduka ya jumla mpaka jioni. Katika siku hiyo hiyo ataketi mbele ya mwenye kiwanda kujadili bei, ataingia msikitini kuswali, na huenda usiku akaalikwa chakula na watu anaotaka wamheshimu. Wengi wetu hulikabili jambo hili kwa kubeba jozi nne sandukuni, ambazo pengine hakuna hata moja kati yake inayoweza kutembelewa kuanzia asubuhi hadi usiku. Ninaamini jozi moja iliyochaguliwa kwa makini, pamoja na ya pili ya kupokezana nayo, inatosha kwa safari ya wiki nzima, mradi uchaguzi uanze na mguu wenyewe na barabara utakayopita, kisha ndipo rangi na mtindo vifuate.

Mguu upimwe jioni, kwa sababu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na kiatu kilichojaribiwa asubuhi kikakaa sawasawa kinaweza kubana saa kumi za alasiri. Tandika karatasi sakafuni iguse ukuta, simama juu yake kisigino kikiwa kimegusa ukuta na uzito wako ukiwa kwenye mguu huo, kisha mtu mwingine akuwekee alama mbele ya kidole kilichotangulia, ambacho kwa baadhi ya watu si kidole gumba bali ni cha pili yake. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa aghalabu mmoja humzidi mwenzake, na namba ya kununua ni ile ya mguu mkubwa. Mwanamke aliyejifungua asitegemee namba aliyokuwa akivaa kabla ya ujauzito, kwani wapo ambao miguu yao hurefuka au kutanuka na isirudi ilivyokuwa.

Kutoka sentimita kwenda kwenye namba za Ulaya, ambazo ndizo zinazotumika zaidi katika maduka yetu, chukua urefu wa mguu, ongeza 1.5, kisha zidisha jibu kwa 1.5. Mguu wenye sentimita 24.5 huangukia namba 39. Namba moja hupishana na inayofuata kwa milimita zisizofika 7, na ndiyo maana kosa la namba moja tu huonekana dogo dukani na kuwa kubwa baada ya kilomita chache. Viatu vingi vilivyotengenezwa China huandikwa urefu wa mguu kwa milimita kwenye lebo ya ndani, kwa mfano 245, na maandishi hayo ni ya kuaminika kuliko namba iliyobandikwa na muuzaji. Hata hivyo, namba ni mahali pa kuanzia tu. Unaposimama ndani ya kiatu, pawe na nafasi ya sentimita moja hivi, inayokaribia upana wa kidole gumba cha mkono, kati ya kidole kirefu cha mguu na ncha ya ndani.

Upana husahaulika zaidi kuliko urefu, ingawa ndio unaowatesa wengi. Chora umbo la unyayo wako kwenye karatasi ngumu ukiwa umesimama, likate, ulibebe unapokwenda sokoni. Liingize ndani ya kila kiatu unachokitamani, na likijikunja pembeni au mbele, kirudishe kiatu hicho hata kama ni kizuri kiasi gani. Muuzaji atakwambia kuwa kitatanuka. Ngozi halisi hulegea kidogo kwa upana baada ya kuvaliwa, lakini hairefuki, na ngozi bandia hailegei hata kwa upana. Mwenye nundu ya mfupa pembeni mwa kidole gumba atafute kiatu kisicho na mshono mahali pale, kwa sababu mshono mgumu juu ya nundu huumiza kuliko kiatu kidogo.

Kuhusu aina, mchuchumio uachwe nyumbani, kwani husukuma uzito wa mwili kwenye vidole, na kwenye barabara za mawe kama zile za Istanbul zinazopanda kutoka Karaköy hadi mnara wa Galata, kisigino chembamba hunasa katikati ya mawe. Kinachowashangaza wengi ni kwamba viatu bapa kabisa vyenye soli nyembamba, tunavyoviita simpo, navyo havifai kwa mwendo mrefu. Kila jiwe hufika unyayoni, hakuna kinachopokea kishindo, na jioni maumivu hukaa chini ya kisigino na kwenye ukano wa nyuma ya kifundo. Kisigino kipana chenye kimo cha sentimita mbili au tatu humfaa mwanamke mzima vizuri zaidi kuliko vyote viwili. Miongoni mwa viatu vinavyokidhi haja hiyo ni mokasini za ngozi, yaani viatu vya kuchomeka mguu bila kamba, zenye soli ya mpira, viatu vya kufunga kwa kamba, viatu vya mkanda juu ya unyayo, na raba za ngozi za rangi moja zisizo na maandishi makubwa. Sendozi zenye mikanda mipana zinafaa Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu wakati wa jua, lakini si kwenye kikao rasmi, wala si Istanbul mwezi wa Januari, ambapo mvua ya baridi ni jambo la kawaida na theluji hutokea.

Kabla ya kukivaa kiatu, kijaribu kwa mikono. Bonyeza sehemu ya nyuma inayoshika kisigino: ikilala chini kirahisi, kisigino chako kitacheza ndani na malengelenge yatafuata. Kisha shika ncha na kisigino ukikunje. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vya mguu vinapokunjika, si katikati ya unyayo, na kile kinachokunjika katikati kama daftari hakina kitakachouzuia unyayo wako usichoke. Kisokote pia kama unavyokamua nguo, nacho kinapaswa kukupinga. Ingiza mkono ndani ukapapase bitana, mishono na soli ya ndani, ukitafuta ncha ya msumari, gundi iliyoganda au kitambaa kilichojikunja. Mwisho, pindua kiatu utazame chini. Soli ya plastiki ngumu inayong'aa huteleza kwenye marumaru na sakafu za viwanja vya ndege zikilowa, ilhali mpira unaobonyea kidogo chini ya ukucha, wenye michirizi, hushika vizuri. Ndipo ukivae, vyote viwili, ukiwa na soksi utakazosafiri nazo, utembee nje ya zulia la duka kwa dakika kadhaa, upande ngazi ikiwezekana. Kisigino kisinyanyuke, na vidole visigonge mbele unaposhuka.

Malighafi yanahitaji jicho la karibu. Viatu vinavyouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya hulazimika kuwa na alama zinazoonyesha vimetengenezwa kwa nini, na kwa kuwa mitumba mingi hutoka huko, alama hizo hutufaa sana tunapopekua masoko ya Karume (Dar es Salaam), Gikomba (Nairobi) au Owino (Kampala). Alama yenye umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa ina maana ya ngozi halisi. Umbo hilo likiwa na almasi ndogo, yaani umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha, ndani yake ni ngozi iliyopakwa tabaka jingine. Wavu ni kitambaa. Na almasi peke yake ni malighafi nyingine, ambayo mara nyingi ni plastiki au mpira. Hupangwa kwa sehemu tatu: sehemu ya juu, bitana pamoja na soli ya ndani, na soli ya nje. Kiatu chenye ngozi juu na ngozi ndani, kikiwa na almasi kwenye soli, ndicho ninachokipendelea kwa safari, kwa sababu ngozi hupitisha jasho na mpira wa chini hustahimili barabara. Lebo ikiwa imefutika, tafuta ukingo uliokatwa: ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi, na ya bandia huonyesha kitambaa kilichopakwa tabaka laini juu.

Ipo hatari moja ya mitumba ambayo wanunuzi wa pwani wanapaswa kuifahamu vizuri. Soli nyingi nyepesi za viatu vya starehe hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki, ambayo hushambuliwa na unyevu wa hewani na kuvunjika polepole hata kiatu kikiwa kimekaa tu kabatini. Jozi iliyohifadhiwa miaka mingi, kisha ikafika Dar es Salaam au Mombasa kwenye joto na unyevu, inaweza kuonekana mpya kabisa, ngozi ikiwa inang'aa, halafu soli ikameguka vipande siku ya pili ya kuvaliwa. Kumegukiwa na soli katikati ya mji wa ugenini ni fedheha ambayo hakuna mwanamke anayestahili kuipata. Kikunje kiatu kwa nguvu utazame pembeni mwa soli, hasa inapoungana na ngozi, ukitafuta nyufa nyembamba. Bonyeza kwa ukucha, na ukiona unga, kunata au alama isiyorudi, usikinunue. Soli ya mpira mzito haina ugonjwa huo, nayo fundi anaweza kuishona pembeni ikawa imara zaidi. Chunguza pia namna visigino vya mtumba vilivyolika: vikiwa vimelika upande mmoja, vitakulazimisha kutembea kwa mwendo wa mwenyewe wa kwanza.

Anayependa vipya asidhani ni lazima vitoke mbali. Kiwanda cha Bata kilichopo Limuru kimewavalisha watu wengi wa ukanda wetu, na kiwanda cha Karanga, Moshi, hutengeneza viatu vya ngozi vinavyostahili kuangaliwa kabla hujaamua.

Sasa tuje kwenye kupendeza. Mwanamke aliyevaa gauni refu la kitenge au baibui huonyesha ncha tu ya kiatu chake, na kwa hiyo ncha ndiyo inayobeba unadhifu wote: iwe ya mviringo uliorefuka kidogo, isiyochongoka wala isiyo butu kama ya buti, na iwe safi. Anayevaa suruali au sketi ya kikazi huonyesha kiatu kizima, hivyo atazame pia soli, kwa kuwa soli nyeupe nene hukifanya hata kiatu cha heshima kionekane cha mazoezini, lakini soli yenye rangi ile ile ya ngozi hujificha. Nyeusi huenda na mengi, ila kahawia iliyoiva na rangi ya zambarau nzito huficha vumbi letu vizuri kuliko nyeusi. Ngozi ya swedi, ile yenye uso wa nyuzi laini kama mahameli, ni nzuri machoni lakini huharibiwa na mvua moja. Na kwa kuwa utavua viatu mara nyingi, misikitini, kwenye nyumba za wenyeji, hata kwenye ukaguzi wa baadhi ya viwanja vya ndege, chagua vyenye lastiki pembeni au zipu ndogo, mradi viendelee kushika kisigino.

Nunua angalau wiki mbili au tatu kabla ya safari. Vivae kwanza nyumbani kwa muda mfupi, kisha kwa kwenda sokoni, kisha kwa siku nzima ya kazi, na utajua mapema panapobana. Fundi viatu mzuri wa mtaani anaweza kutanua pembeni kwa umbo la mbao, kulainisha mshono mgumu, au kushona soli iliyobandikwa kwa gundi peke yake, kazi ambayo mimi huiagiza kwa kila jozi inayoruhusu. Soli ya ndani ikiwa inatoka, unaweza kuiondoa na kuweka laini zaidi, lakini ijaribu pamoja na kiatu, maana ikiwa nene itakula nafasi ya vidole.

Ndani ya ndege au basi la mbali vaa jozi nzito, ambayo itapunguza uzito wa sanduku, na ulegeze kamba kabla miguu haijavimba. Jozi ya pili ijazwe soksi ndani, ifungwe kwenye mfuko wa kitambaa. Ukifika, zipokezane kila siku, kwa kuwa kiatu kilichonyonya jasho la kutwa huhitaji usiku na mchana wa kukauka. Pale unapojua ngozi yako huchubuka, paka vaselini kidogo kabla ya kutoka. Ukihisi mahali panapata moto, simama ubandike plasta papo hapo, usisubiri kufika hotelini. Lengelenge dogo lisitobolewe, kwani ngozi ya juu ndiyo kinga yake. Mwenye kisukari awe na uangalifu zaidi ya wote: aingize mkono ndani ya kiatu kila anapokivaa, akague nyayo zake kila usiku kwa kioo au kwa msaada wa mwenzake, na asitembee safarini na kiatu ambacho hajakizoea, kwa sababu mguu uliopoteza hisia hauwezi kumwambia kuwa umeumia.

Viatu vikilowa mvua ya Istanbul, toa soli za ndani, jaza karatasi za gazeti zilizokunjwakunjwa, uzibadilishe zikishalowana, na uviache mahali penye hewa. Usiviweke juu ya bomba la joto la chumbani, kwani ngozi iliyokaushwa haraka hukakamaa na kupasuka, na gundi ya soli huachia. Asubuhi vikiwa bado na unyevu, vaa jozi ya pili. Na vikishakauka kabisa, vipake kiwi au mafuta ya ngozi kabla ya kuvirudisha barabarani.