Dashibodi imezimika? Kagua haya kabla hujaenda Gerezani kununua mita

Wakuu, mshale ukifa kwenye dashibodi, ushauri wa haraka wa kijiweni ni "nunua mita nyingine", yaani kile kisanduku chote cha mishale na taa. Watu wanaenda Gerezani, mtaa wa vipuri hapa Dar, wanalipa, wanafunga, na tatizo linabaki palepale. Mita inaonyesha kile inacholetewa tu, yaani umeme, ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia bodi ya gari) na taarifa za sensa, vile vipimo vya spidi, mafuta na joto. Anza na hivyo vitatu. Tafuta multimita (kipimo cha umeme), hata ya bei ndogo, na bisibisi ya nyota.

1. Washa swichi bila kupiga stata. Taa za injini, oili, betri na eabegi zote ziwake. Kama umekufa mshale mmoja na mingine ni mizima, mita ina umeme. Shida iko kwenye sensa ya mshale huo, waya wake, au mota ndogo inayouzungusha. Kama vimezima vyote kwa pamoja, fikiria fyuzi, ethi, soketi au bodi ya elektroniki iliyo ndani ya mita. Mishale ikicheza ovyo, nenda kwenye betri na ethi.

2. Pima betri. Ikiwa imejaa na gari limepumzika, isome karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, 13.5 hadi 14.5. Ikipita 15, tengeneza altaneta (inayochaji betri) kwanza, la sivyo itaunguza na hiyo mita utakayonunua.

3. Fyuzi. Kwenye Toyota nyingi imeandikwa GAUGE au METER. Usiitazame kwa macho tu. Pima umeme pande zote mbili swichi ikiwa imewashwa. Ya ampea 10 ibadilishe kwa ya 10. Ukiweka ya 20, waya ndio utakaoungua.

4. Ethi. Hapa ndipo wengi wanaparuka, na kwa Dar ndipo pa kukaa muda mrefu. Gari linalolala Kigamboni au Kunduchi, karibu na bahari, linakula chumvi kila usiku, na lililopita kwenye maji ya mafuriko pale Jangwani wakati wa masika huondoka na tope kwenye maungio. Weka multimita kwenye volti za DC. Waya mwekundu gusisha kwenye ethi ya mita, mweusi kwenye terminali hasi ya betri, washa swichi na taa kubwa, kisha soma. Isizidi volti 0.2. Ukiona nusu volti, ifuate ethi hiyo hadi bolti inapokaza kwenye bodi ya gari. Mara nyingi utakuta unga wa kijani kwenye shaba na kutu chini ya rangi. Fungua, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi. Usitosheke na kupima ukinzani, maana waya uliobakiwa na uzi mmoja utasoma vizuri hadi upewe mzigo.

5. Sensa. Spidi ikifa na gia za otomatiki zikaanza kubadilika kwa kugonga, au taa ya ABS (ya breki) ikawaka, tatizo liko nje ya mita. Kwa mshale wa mafuta, chomoa soketi ya boya (kipimo kinachoelea ndani ya tangi) na upime ukinzani wake tangi likiwa karibu tupu, kisha upime tena ukishajaza. Namba isipobadilika, boya limekwama. Kulitoa mwachie fundi, mvuke wa petroli hauchezewi.

6. Mwisho kabisa, fungua mita. Toa terminali hasi, subiri sekunde 90 kwa usalama wa eabegi, ndipo uguse skrubu. Chunguza lehemu nyuma ya soketi: ufa mwembamba wa duara kuzunguka pini unatosha kuzima dashibodi nzima. Kama ilikuwa inafufuka ukiigonga, hapo ndipo pa kuangalia. Mpelekee fundi wa bodi za elektroniki mwenye kichomeo chembamba.

Ikibidi kununua ya mtumba, linganisha namba ya nyuma ya mita. Kwenye magari mengi kilomita zimehifadhiwa ndani ya mita yenyewe, kwa hiyo utaanza kusoma za gari la mtu mwingine. Andika za kwako na tarehe, na siku ya kuuza mwonyeshe mnunuzi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, Noah yangu mshale wa joto umekufa. Naweza kuvuta hadi mwisho wa mwezi?*

Hapana, kaka. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela hakuna upepo wa kupooza rejeta, unategemea feni. Feni ikigoma hutajua hadi uone moshi, na hapo gasketi imeshaondoka. Kama gari linakubali, chomeka kisomeo cha OBD (kinachosoma taarifa za kompyuta ya gari) kinachoungana na simu, usome joto humo hadi utengeneze.

*Vitz ya zamani, namba za katikati zinafifia hadi sizioni. Mita imekufa?*

Dada, kwanza angalia zinafifia saa ngapi. Kama ni ukiwasha taa kubwa tu, gari linapunguza mwanga kwa ajili ya usiku, ni kawaida. Zikififia hata mchana taa zikiwa zimezimwa, na ethi umeshapima, mpe fundi wa bodi akague lehemu na kapasita.

*Fundi wangu anataka kutoa balbu ya taa ya injini ili isinisumbue.*

Mkatalie. Mwambie asome kwanza kodi ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari, akuonyeshe namba iliyotokea.