Kabla ya kumwita mume Ujerumani, soma kadi yako

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Kilifi, na huu ni mwaka wangu wa nne Kassel. Haipiti wiki bila mtu wa nyumbani kuniuliza aanzie wapi kumleta mwenzi wake. Nami humrudishia swali: kadi yako ya ukaazi imeandikwa kifungu gani cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani? Wengi hawajawahi kuangalia. Tafuta neno Anmerkungen (yaani maelezo), utaona alama ya § na namba. Namba hiyo ndiyo inayoamua aliye nyumbani adaiwe nini.

Muuguzi ambaye cheti chake cha kazi hakijatambuliwa Ujerumani huja kwa 16d, kama nilivyokuja mimi. Kikishatambuliwa anahamia 18a. Mwenye digrii hupewa 18b, au Blue Card, kadi ya Ulaya ya wataalamu, ikiwa mshahara unafika kiwango. Sasa sikiliza: mwenzi wa mtu wa 18a, 18b au Blue Card hadaiwi cheti cha Kijerumani, na tangu Machi 2024 hata ukubwa wa nyumba hauulizwi. Mwenzi wa 16d anadaiwa A1, yaani cheti cha Kijerumani cha ngazi ya kwanza. Aliyeolewa na Mjerumani mwenyewe naye anadaiwa A1, na hapo ndipo watu hushika vichwa.

Mimi nilikuwa na haraka. Badala ya kungoja miezi michache nipate 18a, nilimpeleka mume wangu akasome A1 Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani pale Maendeleo House, Nairobi, tukampangia na chumba. Kufaulu ni alama 60 kati ya 100. Mara ya kwanza alipata 57, kusikiliza ndiko kulikomwangusha. Alipokuja kufaulu, mimi nilishakuwa na kadi ya 18a mkononi. Pesa zilikwenda hivyo. (Kijerumani chenyewe hakikupotea, alipofika alijinunulia mkate bila kunipigia simu.)

Kama bado uko nyumbani unasubiri viza ya kazi, muulize mwajiri kuhusu utaratibu wa haraka wa kifungu 81a. Anaufungua yeye kwenye ofisi ya wageni ya huku, ada ni euro 411, na mwenzi na watoto wanaweza kuingizwa humo humo mkiomba wakati mmoja. Mwajiri wangu hakunitajia, nami sikujua kuna cha kuuliza.

Vyeti ndivyo vitakavyowachosha. Sisi tulioana kwa Kadhi, lakini karatasi ya msikitini haitoshi, unatakiwa cheti cha ndoa cha serikali. Soma majina herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi na pasipoti inasema Mwana Idi, rekebisha kabla hujagusa fomu. Vyeti vya Kenya ubalozi haugongi tu muhuri, humtumia wakili akavikague kwenye rejista, pengine hata mtaani kwenu, na gharama ni yako. Kwa hiyo waambie wazee mapema! Mama mkwe wangu alipomwona mgeni mwenye faili akiuliza habari za harusi, alidhani ni mambo ya deni. Akajibu hawajui hao watu. Tulilazimika kuandika barua ya maelezo.

Faili likitoka ubalozini linakwenda ofisi ya wageni ya mji unaoishi wewe, na huko ndiko linakolala. Weka tayari hati za mshahara na mkataba wa nyumba. Ukiandika baruapepe, iwe fupi: jina la mwombaji, tarehe ya kuzaliwa, namba ya faili. Ukiwaandikia kila siku unajichosha mwenyewe. Mtoto naye aombewe kabla hajatimiza miaka 18.

Viza ikitoka, mwenzako asome kibandiko kilicho ndani ya pasipoti. Maneno Erwerbstätigkeit erlaubt maana yake anaruhusiwa kufanya kazi. Mume wangu alikaa wiki tano nyumbani akingoja kadi yake, akakataa kazi ya ghala mara mbili, kumbe ruhusa alikuwa nayo mfukoni tangu uwanja wa ndege.