Vile utaandika historia ya timu yenu ya mtaa

Wengi wetu tukitaka kuandika historia ya timu tunaanza na vikombe, eti tulishinda hiki mwaka fulani, halafu tunakwama hapo hapo juu hakuna anayekumbuka huo mwaka. Wacha vikombe. Tafuta mechi moja ambayo mtaa mpaka leo unaibishania, anzia hapo.

Cheki Mohun Bagan ya Kolkata. Ilianzishwa 1889, enzi hizo timu ya ridhaa, lakini shabiki wake atakupeleka moja kwa moja 29 Julai 1911, fainali ya Ngao ya IFA, kombe la chama cha mpira cha huko, India bado iko chini ya Mwingereza, na wao wakawachapa wanajeshi wa East Yorkshire 2-1. Walitangulia kufungwa, Shibdas Bhaduri akasawazisha, Abhilash Ghosh akamaliza kazi. Ikawa timu ya kwanza ya Wahindi kuchukua hiyo ngao. Sasa watu husema walicheza pekupeku wote. Si wote! Kumi walikuwa miguu mitupu, mmoja, Sudhir Chatterjee, alivaa njumu. Mimi huyo mmoja ndiye alonifanya niiamini hadithi nzima.

Kwa hivyo ukienda kwa mzee usimwambie "tupe historia ya timu", atakupa hotuba. Muulize nani alikuwa na njumu, mpira ulitoka wapi, ukipasuka ulishonwa na nani. Mwaka akiusahau usimbane, muulize ilikuwa kabla ya uhuru au baada, Ramadhani ilikuwa kusi au kaskazi, utasogea tu.

Halafu nenda kwa mmoja mmoja, nyumbani, baada ya Alasiri, na halua kidogo mkononi. Mimi nilikosea, nikawarekodi wazee wanne pamoja kwenye baraza pale Mkunguni, wakakatizana wee mpaka mmoja akanuna akanyamaza, na upepo ukala sauti yote, nilipofika nyumbani nasikiliza ni vuuu tu na vikombe vya kahawa.

Na kina mama jamani, msiwasahau. Wazee walikuwa wanagombana rangi ya jezi, bibi mmoja huku Langoni akatoa picha kwenye mkebe wa biskuti, nyuma imeandikwa majina saba kwa penseli, akacheka, akasema zilikuwa fulana nyeupe, yeye ndiye alozitia rangi nyekundu kwenye sufuria lake la pilau na mama mkwe hakumsemesha siku tatu. Picha kama hiyo ipige kivulini, mbele na nyuma, usiitoe nyumbani kwa watu, na siku hiyo hiyo itume kwenye simu ya pili.

Ukimaliza kuandika ndio sasa urudi barazani, wasomee wote kwa sauti. Watakasirika, watasema umeandika uongo. Beba peni.