Wanachuo wa Mwanza: jinsi ya kuhamasisha bustani za viroba mtaani na kudai haki ya mazingira humohumo

Wadau, kama mko chuo au sekondari hapa Mwanza na mnataka kuhamasisha bustani za mjini, yaani mboga zinazopandwa kwenye kiroba (gunia) cha udongo, msianze na semina ukumbini. Anzieni kilimani, Igogo, Mabatini, Bugarika, kwenye zile nyumba zilizobanana na mawe, maana huko ndo mtaelewa haki ya mazingira ni nini: gari la taka halipandi, presha ya maji ni ndogo mtu ananunua kwa ndoo, mvua ikinyesha taka zote zinashuka na mifereji mpaka mto Mirongo na Mirongo unamwaga ziwani, alafu anayelaumiwa kuchafua ziwa ni huyohuyo mama wa kilimani. Bustani bila kuongea hayo ni nusu ya kazi.

Kwanza pigeni hodi kwa mwenyekiti wa mtaa na barua ya chuo, mumtafute na afisa kilimo wa kata. Alafu chagueni kaya chache zilizo tayari, hasa mama anayeuza karanga au dagaa barazani kwake, kwa sababu kila mteja akisimama ataulizia kile kiroba.

Kiroba chenyewe sasa. Chukua salfeti la kilo 50, changanya udongo ndoo mbili kwa ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri (mbichi inaunguza mizizi). Tafuta kopo la rangi lililokatwa juu na chini likabaki wazi kama bomba, lisimamishe katikati ya kiroba, ulijaze kokoto, uzungushie udongo, alafu livute juu taratibu kokoto zibaki, rudia hivyo mpaka kiroba kijae. Hiyo nguzo ya kokoto ndo njia ya maji, ukimwagia juu tu bila nguzo maji hayafiki chini na miche ya pembeni inakauka. Toboa matundu ubavuni kwa kupishana, panda sukuma wiki humo, juu mwaga mchicha, wiki tatu nne hivi watu wanachuma. Hapo hamna haja ya hotuba, jirani anajiuliza mwenyewe.

Maji: tumieni yale ya kuoshea mboga na mchele, au ya mvua kutoka batini. Ya Mirongo hapana kabisa, hata kama yako karibu na ya bure, yanapita kwenye taka na vyoo na mboga za majani zinaliwa na watoto. Na msimpeleke mtu akalime kingo za mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, mtamponza.

Sheria hiyohiyo inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Isomeni na wenyeji kwa Kiswahili cha kawaida, palepale mnapomwagilia. Daftari liwepo: ndoo ya maji shilingi ngapi leo, gari la taka limeishia wapi, mfereji gani umeziba. Kila kaya iandike yenyewe, nyie wanafunzi msiwaandikie, maana siku ya mkutano wa mtaa anayetakiwa kusimama na daftari ni mama mwenye nyumba, akisimama mwanachuo wataona mradi wa wageni. Nyie kaeni nyuma, mpige picha kama wameruhusu, mbandike matokeo kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na chuoni kwenu pia ili wa Capri Point, mtaa wa wenye uwezo, nao wajue wa Bugarika wanalipa kiasi gani kwa ndoo.

Kitu cha mwisho ni likizo, hapa klabu nyingi zinakufa. Chuo kikifungwa nani anamwagilia? Kuanzia siku ya kwanza kiroba kiwe cha kaya, mbegu ziwe za kaya, na kila mwanafunzi afundishe mtoto mmoja wa nyumba ile kutengeneza kiroba kipya mwenyewe kuanzia kokoto.